Askari Hawafiki Mezani: utatuzi wa matatizo ya kukusanya vijisanamu vya vita vya kihistoria kwa pesa kidogo

Ukitaka kujua jeshi lako limekugharimu kiasi gani, usigawanye pesa ulizotumia kwa idadi ya vijisanamu ulivyonunua. Gawanya kwa idadi ya askari waliopakwa rangi, wakabandikwa kwenye vitako (vibao vidogo vya kusimamia) na kusimama mezani siku ya mchezo wa vita. Boksi lililonunuliwa kwa nusu bei likakaa kabatini bila kufunguliwa halijatoa askari hata mmoja, na hakuna bei ghali kuliko hiyo. Karibu kila tatizo lililoko hapa chini ni namna mojawapo ya askari kukwama njiani kati ya duka na meza. Baadhi chanzo chake ni uamuzi uliofanyika kabla pesa hazijatoka mfukoni. Mengine ni gundi na rangi tu. Naanza na ya mfukoni, maana ndiyo yanayoua majeshi mengi.

Pesa zimekwisha, na jeshi halitoshi hata mchezo mmoja

Angalia kwanza kipimo, yaani urefu wa mtu wa kijisanamu. Vijisanamu vya milimita 28 ndivyo vinavyopendeza pichani, na ndivyo vinavyomvuta karibu kila anayeanza. Lakini sheria nyingi za kuchezea vita vya Napoleon, mfalme wa Wafaransa, zinataka batalioni ya watu 20 au zaidi, na utahitaji batalioni kadhaa, wapanda farasi na mizinga. Ukinunua vya chuma, pesa zinakatika hata mizinga hujaigusa. Vya plastiki ngumu vinapunguza maumivu sana, ila bado utadaiwa nafasi: meza ya kawaida ya mchezo wa milimita 28 ni sentimita 180 kwa 120.

Ukishakwama hapo, njia ya kwanza ni kushuka kipimo. Vijisanamu vya 1/72 vya plastiki laini huuzwa kwa boksi lenye askari wa miguu arobaini na kitu, au wapanda farasi kama kumi na wawili, na bei ya kichwa kimoja ni ndogo mno. Kwa kipimo hicho mtu wa mita 1.75 ana urefu wa milimita 24, kwa hiyo mikanda, mabegi na kofia vyote vinaonekana. Ukishuka zaidi hadi milimita 6, ambayo ni karibu 1/300, askari hutolewa wakiwa wameshikamana kwa mstari, na batalioni nzima inakaa kwenye kitako kisichozidi upana wa vidole vinne. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo pekee ambacho batalioni mezani inafanana na batalioni kweli, si kundi la marafiki waliokutana barabarani. Milimita 15 iko katikati na ina uteuzi mpana, ila kwa mtu mwenye pesa kidogo kabisa ningemwelekeza 1/72 kwanza.

Njia ya pili ni kubaki kwenye milimita 28 na kubadili ukubwa wa vita. Chagua mapigano ambayo kijisanamu kimoja ni mtu mmoja: doria, shambulio la usiku, walinzi wa msafara. Watu 30 kila upande wanatosha, na wengi huanza na 12. Kampeni ya Afrika Mashariki ya 1914 hadi 1918 inafaa sana kwa hili, maana mapigano yake mengi yalikuwa ya kombania chache porini, na sehemu ya kombania moja ni jeshi kamili la mchezo.

Njia ya tatu ni kutonunua kwanza. Afisa wa Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, aitwaye Reisswitz alipowasilisha mchezo wake wa vita kwa wakuu wa jeshi mwaka 1824, maofisa walicheza kwa vibao vidogo juu ya ramani za 1:8000, na hakuna aliyelalamika kwamba vibao havina nyuso. Kata karatasi ngumu kwa ukubwa wa vitako unavyokusudia, andika jina la kikosi juu ya kila kipande, ucheze mpaka uzijue sheria. Utagundua kwamba vikosi viwili ulivyovitamani havihitajiki, na kwamba kimoja usichokifikiria ndicho kinachobeba mchezo.

Kuhusu printa ya 3D: inashusha bei ya kijisanamu, lakini inaongeza mashine, rezini (plastiki ya majimaji inayogandishwa), pombe ya kusafishia, glavu na chumba chenye hewa. Anayechapisha mamia kwa mwaka inamlipa. Anayetaka kikosi kimoja atakuwa amenunua shughuli ya pili juu ya ile ya kwanza.

Rundo la wasiopakwa rangi halipungui

Hapa chanzo ni kununua kwa kasi kuliko kupaka. Pima kasi yako ya kweli: kwa mwezi wa kawaida, bila kujilazimisha, unamaliza wangapi? Ukimaliza 12, boksi la watu 44 ni kazi ya karibu miezi minne, na punguzo la bei halibadilishi hesabu hiyo. Dawa inayofanya kazi ni kikosi kipya kisiingie nyumbani mpaka kingine kimesimama kwenye vitako.

Kama kasi yako iko chini sana, huenda unapaka vizuri kupita mahitaji. Mchezaji huliangalia jeshi akiwa amesimama, meza iko chini yake, na anachokiona ni kofia, mabega, bendera na vitako. Weka nguvu huko. Mboni za macho kwenye askari wa 1/72 usiziguse kabisa. Kivuli chini ya ukingo wa kofia kinatosha. Paka watu kumi kwa pamoja, rangi moja kwa wote kabla ya kuchukua nyingine. Zaidi ya ishirini kwa mkupuo mmoja mkono unachoka na kazi inalala.

Na kama rundo lina Warumi watano, Wajapani wanane na nusu boksi la mizinga ya Vita Kuu ya Pili, tatizo ni vipindi vingi. Chagua kimoja, vingine viuze au vibadilishane. Boksi kubwa lililogawanywa kati ya watu wawili ni mojawapo ya punguzo bora zilizopo.

Jeshi ni zuri, lakini linafaa vita moja tu

Hili linawauma watu kimyakimya, kwa sababu hugunduliwa baada ya miezi ya kazi. Mtu anapaka batalioni nne za Wafaransa, kisha anataka kucheza Austerlitz, ushindi mkubwa wa Napoleon, na kumbe hawezi. Askari wa miguu wa Ufaransa alipigana Austerlitz mwaka 1805 akiwa amevaa kofia pana yenye pembe mbili. Ile kofia ndefu ya mviringo ilienea kwake kuanzia 1806 na 1807. Sheria za mavazi za 1812 zikafupisha mikia ya koti na kufunga kifua mpaka kiunoni. Kwa hiyo Mfaransa wa boksi lililoandikwa 1812 hadi 1815 hafai kwa miaka ya mwanzo, na wa mwanzo hafai Waterloo, pambano la mwisho la Napoleon mwaka 1815. Mwingereza vilevile: kofia yenye kipande kilichoinuka mbele iliidhinishwa 1812, lakini wengi waliokuwa Hispania waliendelea na ile ya zamani mpaka vita vya huko vikaisha 1814. Anayenunua Waingereza wa Waterloo kwa ajili ya kampeni ya Hispania amenunua kofia za vita nyingine.

Vita Kuu ya Pili ina mtego huohuo. Angalia silaha zilizo kwenye boksi la Wajerumani. Ukiona Panzerfaust, ile silaha ya mkononi ya kupigia vifaru, hiyo ilianza 1943. Bunduki ya rashasha MG 42, kama jina lake lilivyo, ni ya 1942. Kikosi chenye silaha hizo hakiwezi kupigana Ufaransa ya 1940.

Kuna njia ya kupunguza hasara. Askari waliovaa makoti makubwa ya baridi huficha karibu kila kinachobadilika, basi anayebana pesa aanze na hao. Ukiwa na plastiki ngumu ya vipande, hifadhi vichwa vya ziada. Vichwa ndivyo vinavyobeba tarehe.

Upande wa pili wa shilingi ni mpinzani. Kama huna rafiki mwenye jeshi la adui, utanunua majeshi mawili, kwa hiyo chagua vita ambavyo pande zote mbili zinatoka boksi moja. Vita vya Waridi vya Uingereza, 1455 hadi 1487, ni Waingereza kwa Waingereza wenye silaha zilezile. Kinachowatofautisha ni rangi za mabwana zao na bendera. Vita vya Peloponnesos, 431 hadi 404 KK, ni Wagiriki kwa Wagiriki, wenye ngao za duara pande zote. Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vinaruhusu boksi moja kugeuzwa Kaskazini au Kusini kwa rangi na baadhi ya kofia. Kwenye pambano la kwanza la Bull Run, Julai 1861, vikosi vya bluu na vya kijivu vilikuwepo pande zote mbili, na hilo lilileta mkanganyiko uwanjani. Kwa mkusanyaji mwenye pesa kidogo, mkanganyiko huo ni neema.

Askari wa watengenezaji tofauti hawalingani

Namba ya kipimo haiko sawa kwa wote. Mmoja hupima kutoka unyayo mpaka machoni, mwingine mpaka utosini, na tofauti ya milimita mbili kwenye mtu wa 28 inaonekana wazi. Lakini urefu si mbaya sana, maana hata watu halisi hawalingani. Kinachokera jicho ni unene: mmoja ana mikono mikubwa, kichwa kikubwa na bunduki nene kama gogo, jirani yake ana uwiano wa mwanadamu wa kweli. Kabla ya kununua, linganisha vichwa na bunduki, si urefu.

Kama tayari umenunua, usiwachanganye ndani ya kikosi kimoja. Kikosi hiki cha wanene, kile cha wembamba, na meza inatulia. Walio wafupi wainue kwa kipande cha karatasi ngumu chini ya miguu, kisha funika kwa mchanga. Rangi ileile ya ardhi kwenye vitako vyote huficha mengi kuliko mtu anavyotarajia.

Rangi inabanduka

Kabla ya kulaumu rangi, tazama inabandukia wapi, maana mahali panaeleza chanzo.

Ikitoka kama ngozi, vipande vikubwa popote pale, kijisanamu kilikuwa na mafuta. Viwandani kalibu hupakwa mafuta ili kijisanamu kitoke kwa urahisi, na mabaki yake hukataa rangi. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza, acha kikauke kabisa. Vya rezini na plastiki laini hudai hili kuliko vya chuma.

Ikibanduka kwenye singe, mtutu wa bunduki na ncha za mikuki pekee, tatizo ni kupinda. Plastiki laini hunyumbuka, na rangi ngumu juu yake hupasuka. Tumia praima, yaani rangi ya chini ya kushikisha nyingine, inayonyumbuka (ile inayotengenezwa kwa ajili ya bampa za magari hufanya kazi vizuri), kisha rangi za akriliki. Enameli epuka kabisa kwa plastiki laini. Hukauka ikawa ngumu na kuvunjika. Mwishoni funika kwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji au vanishi ya akriliki, tabaka mbili nyembamba, ukirudia mara moja zaidi kwenye singe.

Ikilika mabegani na juu ya kofia, ni vidole. Hapo hakuna kosa la rangi: vanishi haipo, au unawashika askari badala ya vitako.

Gundi haishiki

Gundi ya plastiki huyeyusha plastiki ngumu na kuunganisha vipande viwili vikawa kimoja. Kwa chuma na rezini haina kazi. Huko tumia supaglu, kidogo sana, kwenye sehemu iliyokwaruzwa kwa msasa. Mkono mzito wa chuma au farasi aliyesimama kwa mguu mmoja toboa, weka kipande cha waya katikati, ndipo ugundishe. Plastiki laini haipendi gundi yoyote ya kawaida, kwa hiyo nayo itegemee waya.

Singe na mikuki imepinda

Plastiki laini: chovya sekunde chache kwenye maji ya moto sana, inyooshe, kisha itumbukize haraka kwenye maji baridi ikiwa bado imeshikiliwa. Chuma: nyoosha mara moja, polepole, kwa vidole, ukiipindisha huku na huku itakatika. Mikuki mirefu ya chuma laini ni bora kuikata na kuweka waya mgumu au unywele wa ufagio wa plastiki. Haigharimu kitu na hainyongonyei tena.

Praima imekuwa na chembechembe, vanishi imeweka ukungu

Chembechembe maana yake rangi ya kopo la kupuliza ilikauka hewani kabla ya kufika. Ulipuliza kutoka mbali, au hewa ilikuwa ya joto na kavu. Sogea mpaka sentimita 20 hadi 25, pita haraka, tabaka nyembamba. Ukungu mweupe kwenye vanishi ya kufifisha (isiyong'aa) hutokana na unyevunyevu, au kopo lisilotikiswa vya kutosha. Usikate tamaa na kuanza upya: subiri siku kavu, paka vanishi ya kung'aa kwa brashi juu ya ukungu, na mara nyingi rangi hurudi. Ikishakauka, rudia ya kufifisha, na safari hii jaribu kwanza kwenye kijisanamu kimoja usichokipenda.

Ngozi nyeusi imetoka ya kijivu

Maelekezo mengi ya kupaka nyuso yaliandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe: rangi ya msingi, kivuli cha kahawia, kisha ongeza nyeupe mahali penye mwanga. Ukifuata utaratibu huo kwa Wazulu wa 1879 au askari wa King's African Rifles, kikosi kizima kinatoka kimepauka. Na kwa jeshi la Wazulu hili si jambo dogo. Isandlwana, walikopigana na Waingereza tarehe 22 Januari 1879, waliokwenda vitani walikuwa kama 20,000, na sehemu kubwa ya kila kijisanamu ni ngozi. Ikikosewa, jeshi lote limekosewa.

Mkosaji ni nyeupe. Anza na kahawia ya chokoleti yenye tone la nyekundu. Kwa kivuli, changanya kahawia iliyokolea na bluu nzito kidogo. Nyeusi tupu hufanya mwili uonekane umechimbwa. Kwa mwanga wa paji la uso, pua, mabega na magoti, ongeza rangi ya udongo wa manjano au chungwa iliyopoa kwenye rangi yako ya msingi, hatua mbili tu. Viganja na nyayo vipate mchanganyiko mwepesi zaidi wenye waridi kidogo. Badala ya vanishi ya kufifisha, kwenye ngozi tumia yenye mng'ao wa nusu, na utaona uhai ukirudi papo hapo. Tengeneza michanganyiko mitatu tofauti kwa kikosi kimoja, kwa sababu hakuna watu mia wenye rangi moja. Kwa Wazulu hakuna sare ya kuhangaika nayo, basi muda uliookolewa upeleke kwenye nyuso na ngao.

Rangi zimegharimu kuliko askari

Seti za rangi 40 hazihitajiki. Nyeusi, nyeupe, kahawia mbili, nyekundu, bluu, kijani, udongo wa manjano, kaki na fedha zinabeba karibu kipindi chochote. Rangi zikikukaukia kazini, tandaza sifongo lenye maji ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko, weka karatasi ya kuokea juu yake, uchanganyie hapo. Mchanganyiko hukaa siku kadhaa. Akriliki za bei nafuu za ufundi wa kawaida zinafaa vitako na miti, ila kwenye nyuso chembe zake ni nene. Pesa uliyookoa nunua brashi moja nzuri yenye ncha kali. Brashi moja tu.

Mtumba umefika ukiwa na rangi nene kama matope

Majeshi ya mtumba ndiyo nafuu kuu ya mchezo huu, na rangi mbaya ya mwenye zamani ndiyo inayoshusha bei. Kwa hiyo usiogope rangi. Ogopa vifundo vya miguu vilivyokatika na bunduki zisizokuwepo. Omba picha ya miguu kabla ya kulipa.

Akriliki kwenye chuma na plastiki ngumu hulegea ndani ya pombe ya isopropili, baada ya saa chache au usiku mmoja, kisha hutoka ikisuguliwa kwa mswaki. Jaribu kwanza kwa mmoja. Asetoni ni kwa chuma pekee. Plastiki ngumu itayeyuka ukiiangalia. Zote mbili zinataka glavu, dirisha wazi, na moto uwe mbali. Na kama rangi ya zamani ni nyembamba japo si nzuri, usiitoe. Paka juu yake.

Vitako havikubaliani na sheria mpya

Wabandike askari mmoja mmoja kwenye vitako vidogo, kisha wasimamishe kwenye trei ya ukubwa unaotakiwa. Sheria zikibadilika unabadilisha trei, jeshi linabaki. Isitoshe, sheria nyingi zinavumilia upana wowote mradi pande zote mbili zilingane. Vitako vya karatasi vikipinda baada ya kupakwa gundi ya maji na mchanga, paka gundi hiyohiyo upande wa chini pia na uvilaze chini ya kitabu kizito usiku kucha.

Unga mweupe kwenye askari wa zamani wa chuma

Huu usiupuuze. Vijisanamu vya zamani vina madini mengi ya risasi, na vikikaa kwenye kabati lililofungwa, hasa la mbao za mwaloni au mbao za kubanwa, mvuke wa asidi kutoka kwenye mbao huila risasi na kuigeuza unga. Unga huo ni sumu. Usiupulize wala kuusugua ukiwa mkavu: vaa glavu, uloweshe, uufute kwa kitambaa utakachotupa, na usile wala kunywa mezani hapo. Mtenge aliyeathirika na wenzake. Wengine wote watoe kabatini uwaweke kwenye masanduku ya plastiki ya polipropilini au rafu za chuma zinazopitisha hewa, wakiwa wamepakwa praima na vanishi pande zote, pamoja na chini ya miguu, mahali ambapo karibu kila mtu husahau.